MAISHA YA SULTAN KHAN, BINGWA WA SATARANJI ALIYEANZA BILA KITABU

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki, mara nyingi tunasoma habari za wanasiasa, mashujaa wa vita na waandishi wa vitabu. Leo nimemleta mtu wa namna nyingine kabisa, mcheza sataranji. Najua kuna watakaocheka. Lakini cheka baadaye, kwanza soma.

Sataranji ndio mchezo ambao wengi wetu tunauita chesi. Si mgeni tena katika Turkana. Mwaka 2021 Shirikisho la Sataranji la Dunia, yaani FIDE, likishirikiana na shirika la wakimbizi la UNHCR na lile la Kilutheri la LWF, lilianzisha mradi wa kuwafundisha wanafunzi wa kambi ya Kakuma, hasa wasichana. Huku kwetu Kerio ubao ni kipande cha katoni kilichochorwa kwa makaa na kalamu, na kete nyingine ni vifuniko vya soda. Tunacheza hivyo hivyo. Kinachotusumbua si katoni. Kinachotusumbua ni ufunguzi.

Kwa wale wasiojua, ufunguzi ni zile hatua kumi au kumi na tano za mwanzo wa mchezo. Ndizo zilizoandikwa sana vitabuni kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mwanzo ni ule ule siku zote: kete 32 zimepangwa vile vile juu ya nyumba 64. Mtu mwenye vitabu hukariri hatua hizo, akakaa mbele yako akicheza haraka haraka kama anayesoma orodha ya mahudhurio, nawe unakuna kichwa tangu hatua ya tatu. Ndiyo maana wengi wa Kidato cha Kwanza hukata tamaa, wakisema kwamba mchezo huu ni wa watoto wa miji mikubwa wenye vitabu na kompyuta. Basi wasikilize habari za Sultan Khan.

Alizaliwa yapata mwaka 1903 katika kijiji cha Mitha Tiwana, Punjab, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa India chini ya Waingereza na leo ni Pakistan. Punjab hiyo hiyo ndiko walikotoka wengi wa Wahindi walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, kwa hiyo si mbali nasi kama mnavyodhani. Tena tuelewane mapema: Sultan lilikuwa jina lake tu. Hakuwa sultani kama wale wa Unguja, hakuwa na jumba wala kiti cha enzi.

Baba yake alimfundisha sataranji alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Lakini ilikuwa sataranji ya Kihindi, na hapa ndipo pana jambo kubwa. Sheria zake hazikuwa sawa na zile za Ulaya. Askari wa mbele, zile kete ndogo nane, hawakuruhusiwa kuruka nyumba mbili katika hatua yao ya kwanza. Walikwenda moja moja tu, pole pole. Mfalme naye hakujificha pembeni kwa kubadilishana na ngome kama tunavyofanya sisi, bali alipewa nafasi moja ya kuruka kama farasi. Kwa hiyo mchezo ulianza taratibu sana, na majeshi yalikutana baadaye. Hakuna aliyekuwa na haja ya kukariri kitu.

Sheria kutofautiana si ajabu. Majirani zetu wa kaskazini, Waethiopia, walikuwa na sataranji yao ya kale waliyoiita senterej, na ufunguzi wake unachekesha: wachezaji wote wawili walianza kwa pamoja, kila mmoja akisogeza kete zake upesi upesi bila kungoja zamu, hadi kete ya kwanza ilipoliwa. Baada ya hapo ndipo walipopeana zamu. Mngejaribu hivyo darasani, mwalimu wa zamu angefikiri mnapigana.

Turudi Punjab. Kijana Sultan Khan alikua akiwashinda wakubwa na wadogo, mpaka sifa zake zikamfikia tajiri mmoja mwenye mashamba mengi, Sir Umar Hayat Khan, ambaye aliipenda sataranji sana. Tajiri huyo alimchukua nyumbani kwake, akampa posho na makao, akatafuta watu wa kumfundisha sheria za Kizungu. Mwaka 1928 Sultan Khan aliingia katika mashindano ya India nzima. Alicheza michezo tisa, akashinda minane na kutoka sare mmoja. Hakupoteza hata mmoja.

Mwaka uliofuata, 1929, Sir Umar alisafiri kwenda London kwa kazi za serikali, akaenda naye. Fikiria, ndugu msomaji: mtu wa miaka kama 26, Kiingereza chake kidogo, sheria za Kizungu hajazizoea bado, na vitabu vya ufunguzi hajavisoma, kwa sababu vilikuwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Waliandaa mashindano madogo ya kumpima. Matokeo? Aliburura mkia pamoja na mchezaji mwingine, huku Waingereza wawili, Frederick Yates na William Winter, wakimaliza mbele yake. Alibanwa tangu mwanzoni mwa kila mchezo kwa sababu wenzake walijua njia na yeye hakuzijua.

Hapo wengi wangefunga virago. Yates na Winter, badala ya kumdharau, walikaa naye wakamwonyesha angalau njia chache za kuanzia. (Watu wa namna hii ni adimu. Nani kati yetu angemfundisha mtu atakayekutana naye mashindanoni wiki chache baadaye?) Kiangazi hicho hicho ilifika zamu ya mashindano ya ubingwa wa Uingereza katika mji wa Ramsgate, na kwa kuwa alikuwa raia wa himaya yao alikuwa na haki ya kuingia. Hakuna aliyemtazamia. Sultan Khan akatoka bingwa wa Uingereza.

Tusidanganyane kwamba alikuwa ameujua ufunguzi. La. Mpaka mwisho wa safari yake huko ufunguzi ulibaki kuwa udhaifu wake, na wachezaji wote wa wakati huo walilijua hilo. Kawaida yake ilikuwa hivi: atatoka katika hatua kumi na tano za kwanza akiwa amebanwa kidogo, mpinzani akitabasamu, kisha vitabu vinakwisha. Kila mchezo hufika mahali ambapo kitabu hakina la kusema zaidi. Hapo wote wawili huwa sawa, na mwenye kuona mbali ndiye mwenye shamba. Sultan Khan alikuwa na subira ya mchungaji. Mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache, alikuwa miongoni mwa walio hodari kabisa duniani.

Alirudi India mwishoni mwa 1929, kisha akaja tena Uingereza mwaka 1930. Huko Liège, Ubelgiji, alikuwa wa pili nyuma ya Savielly Tartakower. Halafu ikaja Hastings, mji wa pwani ya Uingereza ambako hufanyika mashindano kila msimu wa Krismasi. Mashindano ya 1930 hadi 1931 yalimleta José Raúl Capablanca wa Cuba. Huyu alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 mpaka 1927, na wakati mmoja alikaa miaka minane, 1916 hadi 1924, bila kupoteza mchezo hata mmoja wa mashindano. Kumshinda Capablanca kulikuwa kama kukamata upepo wa ziwa kwa mkono.

Mchezo huo nimeurudia mara nyingi kwenye ubao wetu wa katoni, na naomba nikae hapo kidogo.

Sultan Khan alikuwa na kete nyeupe. Walianza kwa njia inayoitwa Ulinzi wa Kihindi wa Malkia (jina tu, mchezo haukuwa wa Kihindi). Katika hatua ya tano, wakati wataalamu wote wa siku hizo wangetoa kete kubwa, yeye alimshika askari wa kushoto kabisa, yule wa ukingoni, akamsogeza nyumba moja. Moja tu! Ukitazama juu juu utasema amepoteza wakati. Lakini hatua hiyo ilikuwa na kazi: ilimfungia njia askofu mweusi asije akambana farasi wake. Mimi huwaza kwamba pengine mkono wake ulikumbuka sataranji ya nyumbani, ambako askari hutembea moja moja. Hayo ni mawazo yangu tu. Lililo hakika ni kwamba miaka mingi baadaye Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kutoka 1963 hadi 1969, aliifanya hatua hiyo ndogo kuwa silaha yake, na leo njia hiyo ina jina la Petrosian vitabuni. Garry Kasparov naye aliitumia sana. Kumbe hatua ya mtu asiyejua ufunguzi imekuwa ufunguzi wenyewe.

Tuendelee. Katika hatua ya 21 Capablanca aliingiza ngome yake mpaka nyuma kabisa ya jeshi jeupe, akimtishia mfalme. Hatua ya 22 ngome ya pili nayo ikaja. Ilionekana kama mvamizi amekwisha kuvunja boma. Sultan Khan akafanya hesabu, akamtoa malkia wake na kuzila ngome zote mbili. Sasa Capablanca ana malkia, askofu mmoja na farasi mmoja. Sultan Khan ana ngome mbili na maaskofu wawili. Wengi wetu tungefurahi kuwa na malkia, maana malkia hukimbia kila upande. Lakini malkia anahitaji mahali pa kukimbilia, na Sultan Khan alikuwa amefunga milango yote. Malkia mweusi akaanza kuzungukazunguka pembeni upande wa kulia, anaingia nyumba hii, anatoka, anarudi, kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Farasi mweusi ndiye wa kuhurumiwa zaidi: alisimama nyumba moja kuanzia hatua ya 20, hakutoka hapo hadi hatua ya 63.

Na Sultan Khan? Hakuwa na haraka. Alimtembeza mfalme wake kuelekea kushoto, akampeleka hadi pembeni kabisa, akamrudisha. Anajaribu huku, anaacha, anajaribu kule. Kwa hatua nyingi alizunguka hivyo, akimwacha mwenzake achoke kungoja. Kisha ngome zikapenya, askari mmoja akaanza kukimbilia upande wa pili kwenda kugeuka malkia, na katika hatua ya 65 mambo yakamwishia Capablanca. Akasalimu amri.

Katika mashindano hayo Max Euwe wa Uholanzi alikuwa wa kwanza, Capablanca wa pili, Sultan Khan wa tatu. Walimu wetu watafurahi kusikia kwamba Euwe alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1935 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Capablanca mwenyewe hakuwa na kinyongo. Baadaye aliandika kwamba mtu aliyelelewa katika sheria nyingine za mchezo, kisha akafika alikofika Sultan Khan, lazima awe na kipaji kisicho cha kawaida.

Mengine nitayapitia mbio. Mwaka 1931 alimshinda Tartakower katika mchuano wa michezo 12. Aliichezea Uingereza kwenye ubao wa kwanza katika Olimpiadi tatu za sataranji: Hamburg 1930, Prague 1931 na Folkestone 1933. Huko Prague aliwashinda Salo Flohr na Akiba Rubinstein na kutoka sare na Alexander Alekhine, bingwa wa dunia wa wakati huo. Ubingwa wa Uingereza aliuchukua tena 1932 na 1933, ikawa mara tatu. Hayo yote ndani ya miaka mitano tu. Na mwaka 1933 huo huo, ubingwa wa wanawake wa Uingereza ulichukuliwa na msichana aliyeitwa Fatima, ambaye naye alikuwa wa nyumba ile ile ya Sir Umar. Alishinda michezo kumi na kutoka sare mmoja. Wasichana wa chama chetu, jina hilo liandikeni.

Lakini maisha yake huko hayakuwa asali. Baridi ya Uingereza ilimtesa vibaya. Malaria ilimrudia mara kwa mara, mafua hayakumwacha, na koo lilimuuma hata akawa anakuja mashindanoni shingo imefungwa vitambaa. Sisi tuliozoea jua la Kerio tunaweza kumwelewa. Kisha kulikuwa na jambo la hadhi. Reuben Fine, kijana wa timu ya Marekani, aliandika kwamba mwaka 1933 timu yao ilialikwa chakula nyumbani kwa Sir Umar, na aliyekuja kuwaandalia mezani ni Sultan Khan, mtu waliyemhesabu kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa duniani. Waliona haya, hawakujua waangalie wapi.

Hapa lazima niseme kwamba familia yake imeyapinga baadhi ya masimulizi hayo, hasa baada ya kitabu kikubwa juu yake kutolewa mwaka 2020. Wanasema hakuwa mtumishi, na kwamba kusoma na kuandika alijua, tofauti na wanavyodai waandishi wengi wa Ulaya. Mimi naona wana haki ya kusikilizwa. Hadithi ya mtumishi asiyejua kusoma aliyemshinda bingwa ni tamu mno masikioni mwa watu, na hadithi tamu hazikaguliwi. Kukosa vitabu vya ufunguzi ni jambo moja. Kukosa akili ya kusoma ni jambo jingine. Hata sisi ambao maktaba yetu ina rafu mbili hatupendi kuitwa wajinga.

Desemba 1933 Sir Umar alirudi India, naye Sultan Khan akarudi pamoja naye. Fatima alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba Sultan Khan alijisikia kama mtu aliyetolewa jela. Mwaka 1935 alicheza na bingwa mwingine wa India, V. K. Khadilkar, michezo kumi. Akashinda tisa, sare mmoja. Baada ya hapo akanyamaza. Hakuna Hastings tena, hakuna Olimpiadi. Sir Umar alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 India ikagawanywa, Punjab ikakatwa vipande viwili, na kijiji chake kikaangukia Pakistan. Yeye alikuwa shambani kwake, mkulima kama wakulima wengine. Inasimuliwa kwamba hakuwafundisha watoto wake sataranji, na kwamba aliwataka wafanye mambo yenye faida zaidi. Sijui wana wa mabingwa wengine wangesemaje, lakini mimi sentensi hiyo hunisumbua.

Mwaka 1950 FIDE ilitoa kwa mara ya kwanza rasmi cheo cha Mchezaji Bora Mkuu, ambacho Wazungu hukiita grandimasta. Kilipewa wachezaji 27. Rubinstein, yule aliyeshindwa Prague, alikuwamo ingawa alikuwa ameacha kucheza zamani. Tartakower na Flohr walikuwamo. Euwe alikuwamo. Sultan Khan hakuwamo. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, lakini huyu alikuwapo, alikuwa hai Punjab akilima. Hakuna aliyemwita tu.

Alifariki tarehe 25 Aprili 1966 huko Sargodha, kwa ugonjwa wa kifua kikuu.

Cheo kilikuja Februari 2024. Rais wa FIDE alikwenda Islamabad na kukikabidhi kwa waziri mkuu wa Pakistan wa wakati huo, kikiwa cha heshima, na hivyo Sultan Khan akahesabiwa kuwa grandimasta wa kwanza wa nchi ambayo ilikuwa haijazaliwa alipomshinda Capablanca. Ilikuwa imepita karibu miaka 58 tangu azikwe.

Hatua zote 65 za mchezo ule wa Hastings nimezinakili katika daftari la chama, pamoja na ile ya tano ya askari wa ukingoni, ambayo nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Anayetaka kuzifuata anione Alhamisi baada ya vipindi. Aje na vifuniko vya soda, maana vyetu vyeupe vimebaki kumi na tatu.